Thriller Ile Ile, Sauti Tofauti

Kwa kuwa kazi yangu ni saundi, kuna swali naulizwa kuliko mengine yote: yale mafaili ya dijitali ya biti 24 ya albamu za zamani, yenye vipimo vikubwa kuliko vya CD na yanayouzwa ghali kuliko CD, yana tofauti ya kweli au ni jina tu? Jibu langu huwaudhi watu wa pande zote mbili. Ndiyo, albamu itasikika tofauti, tena mara nyingine tofauti ambayo hata mtoto ataisikia. Na hapana, si hizo biti zilizoleta tofauti.

Jibu hilo nimelipata kwa masikio kwanza, kusoma kukafuata. Albamu iliyonifundisha zaidi ni Thriller ya Michael Jackson, iliyotoka Marekani mwishoni mwa Novemba 1982. Nimeipitia karibu katika kila umbo ambalo muziki umewahi kuuzwa: kaseti, CD ya miaka ya themanini, santuri, CD ya toleo maalumu la 2001, MP3 ya kubebea kwenye fleshi, na mwisho faili la biti 24.

Kaseti ndiyo iliyotangulia. Tanga ya utoto wangu, ukitaka muziki wa Marekani ulikwenda kibandani na kaseti tupu, ukachagua kwenye orodha iliyobandikwa ukutani, ukarudi jioni kuchukua. Jamaa wa kibandani alirekodi kutoka kaseti ambayo nayo ilirekodiwa kutoka kwingine. Kila nakala ilipunguza trebo na kuongeza mvumo, na deki yetu ya nyumbani ilizunguka haraka kidogo, kwa hiyo Michael aliimba juu kuliko alivyoimba studio. Nafasi iliyobaki upande wa pili ilijazwa na Boney M., maana kuacha kaseti na nafasi ya bure ilikuwa hasara. Hiyo ndiyo Thriller niliyoikariri, na watu wengi wa rika langu hadithi yao ni hiyo hiyo.

Ndiyo maana simwamini moja kwa moja mtu anayeniambia kwamba alipofungua faili la biti 24 alisikia vyombo ambavyo hajawahi kuvisikia. Amevisikia, sikatai. Ila angevisikia pia kwenye CD ya kawaida, kwa sababu anacholinganisha nacho ni kaseti ya kibandani, au MP3 ya kilobiti 128 iliyopita simu za watu wasiohesabika. Ukitaka kujua toleo jipya limefanya nini, tafuta kwanza toleo zuri la zamani, uyasikilize yote mawili siku moja, kwa spika zile zile.

Wimbo wangu wa kupimia ni "Billie Jean", na hata huo nautumia mwanzo wake tu: ngoma zikiwa peke yake, kisha besi inaingia. Mpiga ngoma ni Leon Chancler, Mmarekani aliyejulikana kwa jina la Ndugu. Mwanzoni mwa miaka ya sabini alipiga na Herbie Hancock, katika kundi ambalo wanamuziki wake walijipa majina ya Kiswahili, na Hancock mwenyewe akawa Mwandishi. Nikiwaeleza vijana wa studio kwamba ngoma za "Billie Jean" zilipigwa na Ndugu wanadhani nawatania. Gitaa la besi ni la Louis Johnson. Fundi mitambo wa albamu, Bruce Swedien, alitaka ngoma hizo ziwe na sura yake, mtu azitambue kabla hata ya kuimbwa neno. Alimjengea mpigaji jukwaa la mbao, dramu kubwa akaifunika kwa kitambaa chenye zipu ambamo maikrofoni ilipenya, na kati ya snea (ngoma kali ya mkononi) na haihati (matoazi mawili ya mguu) akaweka kipande cha ubao ili sauti zisivujiane.

Sasa weka CD ya miaka ya themanini na uvae hedifoni za maana. Pigo la snea lina ncha. Linaruka, linashuka, na kabla ya pigo linalofuata kuna ukimya mdogo ambao masikio yanaupata ingawa huwezi kuupima kwa saa. Haihati ni nyembamba na imekaa mahali pake. Besi inapoingia haiikanyagi dramu. Unazisikia zote mbili, kila moja na eneo lake. Ufungue wimbo huo kwenye programu ya Audacity uone kwa macho: vichwa vya mapigo vimechomoza juu, mwili wa wimbo uko chini kabisa, na katikati kuna nafasi tupu iliyoachwa kwa makusudi. Swedien hakuwa mtu wa kupenda kompresa, mtambo wa kubana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo, na hapo inaonekana.

Fungua toleo la 2001. Mwili umepanda. Vichwa vya mapigo havikuweza kupanda pamoja nao, kwa sababu sauti ya dijitali ina dari, ukifika sifuri hakuna pa kwenda. Basi limita, mtambo unaozuia sauti isivuke dari, inavibana vichwa ili mwili upate kuinuliwa. Ukibonyeza kucheza bila kugusa kitufe cha sauti, toleo hilo linakushika shati: besi nene, Michael yuko usoni, kila chombo kimesogea mbele. Wengi niliowapigia matoleo hayo moja baada ya jingine walisema papo hapo kwamba la 2001 ndilo zuri. Nilipolishusha la 2001 mpaka mita ikaonyesha yako sawa, nikawapigia tena bila kuwaambia lipi ni lipi, wengi walihama. Snea ilikuwa imepoteza ncha, na ule ukimya kati ya pigo na pigo ulikuwa umejaa.

Hili la kulinganisha ukubwa wa sauti ndilo somo lililonisaidia kuliko yote, na bila hilo mengine hayana maana. Sikio la binadamu likipewa nyimbo mbili zinazofanana, moja ikiwa juu kwa desibeli moja tu, halisemi "hii ina sauti kubwa zaidi." Linasema "hii ni safi zaidi, ina uhai." Wauzaji wanalijua hilo. Tangu miaka ya tisini, limita za dijitali zilipoingia kwenye vyumba vya mafundi wa hatua ya mwisho, wanaoiandaa albamu kabla ya kutolewa, kila kampuni ilitaka CD yake isikike kubwa kuliko ya jirani, na albamu za zamani nazo zilipotolewa upya zikaingizwa kwenye mashindano hayo. Mambo yalifika pabaya 2008, albamu ya Death Magnetic ya Metallica ilipotoka: mashabiki waligundua kwamba nyimbo zile zile ndani ya mchezo wa video wa Guitar Hero zilikuwa hazijabanwa vile, wakaona za mchezo ndizo zinazosikilizika.

Kinachonichekesha ni kwamba mashindano yenyewe sasa hayana tuzo. Huduma za kusikiliza mtandaoni zinasawazisha nyimbo zenyewe. Spotify kwa kawaida inalenga LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi unavyosikika) 14 chini ya sifuri. Wimbo uliobanwa ili upige kelele unashushwa hadi kiwango cha wenzake, na unachobaki nacho ni kule kubanwa tu.

Turudi kwenye biti. CD imekuwa na vipimo vile vile tangu 1982: biti 16, na sampuli (vipimo vya wimbi la sauti) 44,100 kwa sekunde. Biti 16 zinatoa nafasi ya desibeli 96 hivi kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa mfumo wenyewe. Sampuli 44,100 zinabeba sauti hadi karibu kilohezi 22, yaani mitetemo 22,000 kwa sekunde. Kijana mwenye masikio mazima anafika kilohezi 20. Mimi nikijipima sivuki 14, na kazi ya kusimama mbele ya spika za harusi imechangia. Faili la biti 24 na kilohezi 96 linaongeza nafasi huko chini kwenye ukimya na kule juu kusikosikika. Lakini albamu hizi nyingi zilirekodiwa kwenye kanda ya analogi, na kanda bila mtambo wa kupunguza mvumo ina nafasi ya desibeli 60 hadi 70 hivi. Mvumo wa kanda unakuwa umeshafunika ukimya wote ambao biti 24 zinajigamba nao.

Nilitaka kulihakikisha hilo kwa mikono yangu. Nilichukua faili la biti 24, nikalitengenezea nakala ya biti 16 na kilohezi 44.1, nikaipandisha tena nakala hiyo hadi kilohezi 96, nikageuza mawimbi ya moja juu chini, nikayajumlisha. Kila kinachofanana katika mafaili hayo mawili kinafutana, inabaki tofauti tupu. Nilibonyeza kucheza, nikasikia kimya. Nikainua kwa desibeli 60, kukatokea mvumo mwembamba usio na wimbo ndani yake. Kwenye picha ya masafa kulikuwa na ukungu juu ya kilohezi 22 uliokuwa unacheza na mapigo ya haihati, basi. Hiyo ndiyo bidhaa yenyewe, ukiitenga na mkono wa fundi.

Kuna mzee mmoja wa Upanga, fundi mitambo mstaafu wa redio, ambaye alikuwa akikata kanda kwa wembe kabla sijazaliwa. Masikio yake kwa vipimo yamezeeka, ila kwa kujua anachokisikia sijaona wa kumfikia. Nilimpelekea kompyuta na hedifoni zangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Leo umeniletea nini?"

"Mtego."

Akacheka, akavaa hedifoni. Nilitumia programu ya foobar2000 na kile kijalizo chake kinachoficha lipi ni lipi na kukulazimisha ubahatishe tena na tena. Kwanza nilimpa faili la biti 24 na nakala yake ya biti 16. Alifumba macho, akasikiliza, akarudisha mwanzo, akasikiliza tena. Mwisho akavua. "Unanichosha bure. Hizi zimetoka kanda moja, mkono mmoja." Kisha nikamwekea CD ya zamani dhidi ya ile ya 2001, zikiwa zimelinganishwa ukubwa. Hakumaliza hata ubeti wa kwanza. "Hii imebanwa," akasema, na hakukosea hata mara moja kila nilipobadilisha.

Waliofanya jaribio la namna hiyo kwa utaratibu wa kisayansi walipata kitu kile kile. Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti cha Marekani matokeo ya jaribio ambapo sauti ya diski za ubora wa juu ilipitishwa, bila msikilizaji kujua, kwenye kitanzi cha viwango vya CD. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Ukirusha sarafu utapata hivyo hivyo. Haki inataka niseme pia kwamba 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 na kupata kwamba kwa jumla watu walipatia asilimia 52.3, yaani kuna kitu kidogo, na waliofunzwa kusikiliza walifanya vizuri zaidi. Lakini sentensi niliyoipenda ni ya wale wawili wa 2007. Walikiri kwamba diski nyingi za ubora wa juu zilisikika vizuri kuliko CD nyingi, kisha wakaeleza kwa nini: wanunuzi wake ni wachache na wanajali, kwa hiyo mafundi waliachiwa wafanye kazi kwa uangalifu bila kushinikizwa wapige kelele. Mkono huo huo ungeweza kuingia kwenye CD ya kawaida na usipoteze chochote.

Kama kuna mtu bado anaamini masikio ya matajiri wa hedifoni ni ya aina nyingine, akumbuke yaliyotokea 2022. Mobile Fidelity ya Marekani, inayosifika kwa kutoa upya santuri za wapenzi wa sauti, ilitangaza Thriller ya kuadhimisha miaka 40, nakala 40,000. Watu wakaanza kupiga hesabu: kwa njia yao ya utengenezaji, ambapo kila mchongo mmoja hutoa santuri chache tu, kanda ya asili ingelazimika kuchezwa mara ngapi? Ikaja kubainika kwamba santuri zao nyingi zilikuwa zimepitia hatua ya dijitali kabla ya kuchongwa, wakati wanunuzi wengi waliamini ni analogi mwanzo hadi mwisho. Kesi ikaenda mahakamani. Ninachokisoma mimi hapo ni hiki: santuri hizo zilikuwa zimesifiwa kwa miaka, na waliozisifu kwa joto la analogi hawakusikia dijitali iliyokuwa katikati. Zilikuwa nzuri kwa sababu aliyeziandaa alikuwa fundi.

Kwa upande mwingine kuna albamu ambazo ukubwa wa namba hauna hata pa kushika. Brothers in Arms ya Dire Straits, ya 1985, ilirekodiwa kwa mashine ya dijitali ya Sony ya biti 16, sehemu kubwa kisiwani Montserrat katika studio za AIR za George Martin, mtayarishaji wa The Beatles. Hakuna kanda ya analogi nyuma yake yenye siri zilizofichwa. Kuiuza albamu hiyo katika biti 24 ni kumimina lita moja ya maji kwenye ndoo ya lita ishirini. Ndoo ni kubwa, maji ni yale yale. Hata hivyo nimeisikia katika matoleo yasiyofanana hata kidogo. Toleo la 2005 la SACD, diski ya ubora wa juu kuliko CD, lina mchanganyiko mpya wa spika tano na subwufa uliofanywa na Chuck Ainlay, na huo kweli ni kitu kingine: gitaa la "Money for Nothing" linakuzunguka. Na santuri ya 1985 ina nyimbo zilizofupishwa kuliko CD, kwa sababu upande wa santuri ukiujaza dakika nyingi lazima mifereji ibanane na sauti ishuke. Thriller nayo ilikutana na ukuta huo huo. Quincy Jones, mtayarishaji wake, na wenzake walipoisikiliza santuri ya kwanza ya majaribio waliona imesinyaa, wakapunguza urefu wa nyimbo na kuzichanganya upya kabla ya kutoa.

Kwenye Queen ndipo nilipojifunza kwamba kuna kitu ambacho rimasta (kuiandaa upya kanda ya mwisho ya albamu) haiwezi kukirudisha hata afanye nani. Freddie Mercury ni mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, 1946, kwa hiyo huku kwetu kila mtu ana maoni juu yake. "Bohemian Rhapsody" ya 1975 ilijengwa kwa kurundika sauti tatu, za Mercury, Brian May na Roger Taylor, safu juu ya safu kwenye kanda ya njia 24. Njia zilipojaa walizichanganya zikawa chache, wakaendelea kuongeza. Kanda ilipita kwenye vichwa vya mashine mara nyingi mno hadi rangi yake ikalika; wenyewe wamesimulia kwamba ukiinua kwenye mwanga uliona upande wa pili. Sikiliza sehemu ya opera, pale wanaposhindana na "Bismillah", halafu uisikilize piano ya mwanzo. Piano iko wazi, kwaya ina ukungu. Rimasta ya Bob Ludwig ya 2011 imeitendea haki, imepangwa vizuri kuliko CD nyingi za Queen nilizowahi kushika, na ukungu uko pale pale. Kilichobaki kwenye sakafu ya studio 1975 kilibaki huko. Mimi naupenda. Kwaya hiyo ingekuwa safi kabisa, sidhani kama ingetisha.

Nisije nikaonekana napinga matoleo mapya yote. Rimasta nzuri ninayoitaja kila mara ni ya The Beatles, ya Septemba 2009. Kabla yake tulikuwa na CD za 1987 tu, kavu, zenye wembamba fulani. Mafundi wa Abbey Road walitumia miaka minne: walizinakili kanda kwa biti 24 na kilohezi 192, wakaondoa vidoa vya umeme na kasoro za maunganisho, wakagusa limita kidogo kwenye matoleo ya stirio na kuiacha kabisa kwenye ya mono. Besi ya McCartney ilirudi na uzito wake. Wapenzi walipewa pia tufaha la chuma lenye fleshi ndani, mafaili ya biti 24, ila kwa kilohezi 44.1, kile kile cha CD. Hakuna aliyelalamika kwamba vilohezi vimepungua.

Ile ya Sgt. Pepper iliyotoka 2017 ni jambo jingine, na watu wanalichanganya. Rimasta ni kuichukua kanda ya mwisho, nyimbo zikiwa zimeshachanganywa, ukarekebisha besi, trebo na ukubwa wa sauti. Giles Martin 2017 alirudi nyuma zaidi, kwenye kanda za vyombo mbalimbali, akachanganya upya: sauti iliyokuwa imetupwa sikio la kulia akaileta katikati. Hiyo ni rimiksi, na matoleo ya Dolby Atmos, sauti ya kukuzunguka pande zote, yanayojaa sasa kwenye Apple Music nayo ni ya ukoo huo. Unaweza kuipenda au kuichukia, lakini usiseme biti ndizo zilizofanya.

Kuna suala la vifaa ambalo nalipita haraka kwa sababu halina mjadala. Ukiwa na hedifoni za Bluetooth, sauti inaminywa kabla ya kuruka hewani, kwa hiyo faili lako la kilohezi 192 halifiki sikioni likiwa zima, lifanye lifanyavyo. Na bando nalo lina neno lake: dakika moja ya stirio ya biti 24 na kilohezi 96, kabla ya kubanwa kwa FLAC (ubanaji wa faili usiopoteza kitu), ni karibu megabaiti 35. Thriller nzima ni dakika 42. Piga hesabu uone kama si afadhali fedha hiyo ukanunue hedifoni za waya.

Ninaponunua sasa sianzi na namba za biti. Naanza na mwaka wa toleo na jina la fundi wa hatua ya mwisho. Bernie Grundman ndiye aliyeiandaa Thriller 1982, na jina lake nikiliona kwenye toleo lolote nasimama kusoma. Nikikosa jina, nafungua sampuli na kuangalia mawimbi: vikiwa vichwa vimekatwa usawa mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, fedha yangu inabaki mfukoni hata kama wameandika 192.

Mahali ambapo biti 24 zinanifaa kweli ni mezani kwangu. Familia moja ya Magomeni iliniletea kanda za marehemu baba yao, aliyekuwa mwimbaji wa bendi. Kanda za namna hiyo hujui wimbo utapanda wapi, kwa hiyo nazinakili kwa biti 24 nikiacha nafasi kubwa juu bila kuogopa mvumo chini, na ninapoondoa mlio wa umeme na kurekebisha trebo, hesabu za programu zina pa kupumulia. Nikimaliza nashusha hadi biti 16 na kuchoma CD. Mtoto wao mkubwa alinipigia.

"Kaka, kwenye kava tuandikie HD basi."

"Nitaandika mwaka wa kanda, na kwamba haijabanwa."

"Haijabanwa ndiyo nini tena? Maana kwenye gari inasikika ndogo kuliko Bongo Fleva."

Nikawatengenezea la pili, limebanwa kiasi, limepandishwa desibeli sita. Wana yote mawili. Linalopigwa kwenye shughuli zao ni hilo la pili, na mara nyingi anayeshika mitambo siku hiyo ni mimi.